Jina lilelile, chakula kingine: Siku za kwanza za familia ya Kimarekani Uingereza

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema lolote kuhusu mgeni anayejiona mwenyeji.

Huyo ndiye mgeni anayetua Uingereza akitokea Marekani. Familia inayokwenda Japani au Brazili inajua kwamba haijui. Hubeba kamusi kwenye simu, huuliza kila sahani ina nini, na mtoto haweki kitu mdomoni kabla mzazi hajahakikisha. Inayokwenda Uingereza huona taabu yote hiyo ya nini, lugha si ileile? Mabango yanasomeka, muuzaji anaeleweka, na madukani kumejaa majina ya vyakula ambayo watoto wameyajua tangu walipoanza kusema.

Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo, na zaidi kwa mwenye mtoto mwenye mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita, hapo ndipo penye hatari. Neno geni humfanya asimame aulize. Neno analodhani analijua humpitisha bila kuuliza.

Chukua mfano wa familia ya watu wanne kutoka jimbo la Ohio: baba, mama, binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Wamepanga nyumba ndogo kwa wiki mbili mwezi Juni katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Binti ana mzio wa maziwa. Si ule wa tumbo kujaa gesi tu, bali ule unaoweza kuvimbisha koo, kubana pumzi na kushusha shinikizo la damu ndani ya dakika chache. Familia yenyewe ni ya mfano, lakini maduka, lebo, dawa na sheria inazokutana nazo ni za kweli, na mzazi yeyote anayesafiri na watoto anaweza kukutana nazo au na ndugu zake.

Usingizi uliobaki nyumbani

Tatizo la kwanza halina uhusiano na chakula. Saa za Ohio ziko nyuma ya saa za Uingereza kwa saa tano. Ndege ikitua saa 2 asubuhi, kwa miili ya watoto bado ni saa 9 usiku. Usiku wa kwanza mambo hugeuka: inapofika saa 4 usiku na wazazi wamechoka, miili ya watoto inasema ni saa 11 jioni, wakati wa kucheza.

York mwezi Juni inaongeza kazi. Jua huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na huzama baada ya saa 3 usiku. Ubongo hutumia mwanga kujua wakati wa kulala, kwa hiyo chumba chenye pazia jepesi humwamsha mtoto kabla hajashiba usingizi. Wazazi wanaofanikiwa hufanya mambo machache. Siku ya kwanza huwatoa watoto nje mchana wapate mwanga, huwaacha wasinzie kwa muda mfupi tu, huwapa chakula kwa saa za huko, na jioni hufunga mapazia mazito. Kusafiri kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kwa mwili kuliko kwenda magharibi, na siku tatu hadi tano za kununa na kuamka usiku ni jambo la kawaida.

Kuna sababu ya kuanza na usingizi. Mzazi aliyelala saa tatu hasomi lebo vizuri na hapimi dawa vizuri. Makosa mengi ya siku za kwanza yana uchovu ndani yake.

Kulia kwanza

Asubuhi ya pili familia inatoka kwenda sokoni. Mvulana amefundishwa vyema nyumbani: kabla ya kuvuka, tazama kushoto. Marekani magari hupita kulia, kwa hiyo gari la kwanza kumfikia mtu anayeanza kuvuka hutoka kushoto. Uingereza ni kinyume. Mtoto mtiifu, anayefanya kile hasa alichofundishwa, anatazama upande mtupu na kuweka mguu barabarani.

Waingereza wanalijua hilo. Katika vivuko vingi vya miji mikubwa kama London, lami imeandikwa kwa herufi kubwa kumkumbusha mpita njia atazame kulia. Lakini mtoto wa miaka minne hasomi. Dawa yake ni mkono wa mzazi, siku zote za safari, hata kama nyumbani alishaachiwa.

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala hapati shida hii akienda Uingereza, kwa kuwa nchi zetu zilirithi upande uleule wa barabara. Anayetoka Bujumbura, Kigali au Bukavu anaijua, kwa sababu kwao magari hupita kulia kama Marekani, na akivuka mpaka kuingia Tanzania au Uganda hulazimika kuwafundisha watoto upya.

Mayai kwenye rafu ya kawaida

Supamaketi ndiyo shule ya siku ya pili. Bei iliyoandikwa kwenye rafu ndiyo bei ya kulipa, kodi imo ndani, tofauti na Marekani ambako kodi huongezwa pale kwa keshia. Hilo ni la kufurahisha. La kutia wasiwasi ni mayai. Yamepangwa kwenye rafu ya kawaida, karibu na unga, wala si kwenye friji.

Mama wa Kimarekani amelelewa akijua yai lililokaa nje ya friji ni la kutupwa, na kwao yuko sahihi. Marekani mayai ya biashara huoshwa kabla ya kuuzwa. Kuosha huondoa uchafu, lakini pia huondoa utando mwembamba wa asili unaoziba matundu madogo ya ganda, kwa hiyo baada ya hapo lazima yahifadhiwe kwenye baridi. Uingereza mayai ya daraja la kwanza hayaoshwi. Utando unabaki, na dukani hukaa nje. Nyumbani ni vyema yawekwe kwenye friji, ili joto lake lisipande na kushuka.

Tofauti ya pili imo ndani ya yai. Mayai mengi ya Uingereza yana muhuri mwekundu wa simba. Muhuri huo unamaanisha, pamoja na mambo mengine, kwamba kuku wamechanjwa dhidi ya salmonela, bakteria anayeleta kuhara na homa kali. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ilibadili ushauri wake: watoto wachanga walioanza kula, wajawazito na wazee wanaweza kula mayai yenye muhuri huo hata kiini kikiwa bado cha majimaji. Ndiyo maana kifungua kinywa kinachopendwa na watoto wa Uingereza ni yai lililochemshwa nusu, linalochovywa vipande vyembamba vya mkate wa kuoka ambavyo huko huviita askari.

Mvulana anawapenda askari hao tangu siku ya kwanza. Lakini ruhusa ile ni ya mayai yenye muhuri. Mayai yasiyokuwa nao, na mayai ya Marekani watakaporudi, kwa mtoto mdogo yaive mpaka kiini kigande. Ushauri huo ndio unaofaa pia nyumbani kwetu, ambako mayai mengi hununuliwa bila kujulikana kuku wamechanjwa nini.

Kwenye maziwa, rangi ya kifuniko ndiyo lugha. Bluu ni maziwa yenye mafuta yote, kijani ni yaliyopunguzwa nusu, nyekundu ni yasiyo na mafuta. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili anahitaji ya bluu, na mzazi anayebeba la kijani kwa sababu limejaa zaidi kwenye friji anampunguzia mwanawe nguvu bila kujua.

Lebo nazo zina mtego wa namba. Nishati imeandikwa kwa vipimo viwili, kilojuli na kilokalori. Pakiti yenye kalori 200 inaonyesha kwanza namba kama 837, na mgeni hushtuka bure. Kinachostahili kumshtua ni chumvi. Marekani huandika kiasi cha sodiamu, Uingereza huandika chumvi yenyewe. Ili kulinganisha, sodiamu huzidishwa mara 2.5. Kwa mtoto wa miaka minne hadi sita, ushauri wa Uingereza ni chumvi isiyozidi gramu 3 kwa siku, ambayo mtoto anaweza kuimaliza kwa mlo mmoja wa soseji na pakiti ya krispi.

Smarties mbili

Hapa ndipo hatari ya kweli ya safari hii inapoanza. Mtoto mwenye mzio wa maziwa huishi kwa orodha: hiki nakula, hiki sili. Binti wa Ohio ana orodha yake kichwani, na juu kabisa kuna pipi ziitwazo Smarties. Marekani, Smarties ni vidonge vidogo vya sukari iliyobanwa, vyenye ladha ya matunda, vinavyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Zimetengenezwa New Jersey tangu mwaka 1949 na hazina maziwa. Kwenye sherehe ambako watoto wengine wanakula chokoleti, yeye hupewa hizo.

York nako ni mji wa Smarties, ila Smarties nyingine. Kiwanda cha Rowntree cha mji huo kilizitoa mwaka 1937, na hizo ni punje za chokoleti ya maziwa zilizovikwa sukari ya rangi. Jina ni lilelile, herufi kwa herufi. Moja ni chakula salama cha mtoto huyu, nyingine inaweza kumpeleka hospitali.

Pale kwa keshia binti anaiona boksi.

"Mama, si zile zangu?"

Baba, mwenye usingizi wa saa tatu, anaona boksi halifanani na la nyumbani, lakini anajiambia labda huku wanazifunga hivi. Mama anageuza boksi. Kwa mazoea anatafuta mstari wa chini ambao Marekani huanza kwa neno la kusema kina hiki na hiki: kina maziwa, kina soya. Haupo. Kwa sekunde chache hilo linaonekana kuwa jibu zuri.

Si jibu zuri. Uingereza mstari huo hautumiki kwenye vyakula vilivyofungwa vyenye orodha ya viambato. Kisheria, vitu vinavyosababisha mzio huandikwa ndani ya orodha yenyewe, vikikolezwa ili vionekane, mara nyingi kwa wino mzito. Mzazi aliyezoea kusoma mstari wa mwisho peke yake anaweza kukosa onyo lililo mbele ya macho yake. Mama anasoma tangu mwanzo, na neno maziwa lipo, limekolezwa. Boksi linarudi kwenye rafu, na binti analia kwa haki kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kabla ya safari kwamba jina linaweza kubaki lilelile na kitu kikabadilika.

Hata KitKat, iliyozaliwa York mwaka 1935 ikiwa na jina jingine, hutengenezwa Marekani na kampuni moja na sehemu nyingine za dunia na kampuni nyingine, kwa viambato visivyolingana. Kwa familia yenye mzio sheria ni moja: kila pakiti husomwa upya, hata ile inayofahamika, kila nchi.

Kwa upande mwingine, orodha ya Uingereza ni ndefu kuliko ya Marekani. Marekani hulazimisha kutaja vyakula 9, ufuta ukiwa wa mwisho kuingizwa, tangu Januari 2023. Uingereza hulazimisha 14, ikiwamo haradali, figili na lupini, jamii ya kunde ambayo unga wake hutumika kwenye baadhi ya mikate na keki za Ulaya. Mzazi wa mtoto mwenye mzio wa karanga anapaswa kulijua jina hilo la mwisho, kwa sababu baadhi ya watu wenye mzio wa karanga hudhurika na lupini pia.

Sheria hizo zilikazwa kwa uchungu. Mwaka 2016 msichana wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alikufa baada ya kula mkate wenye ufuta ndani yake ambao haukuandikwa kwenye pakiti. Tangu Oktoba 1, 2021, chakula kinachofungwa palepale kinapouzwa, kama sandwichi za dukani, lazima kiwe na orodha kamili ya viambato. Wengi huiita sheria ya Natasha.

Chipsi, pudingi na mwaliko wa chai

Siku ya tatu familia inataka kula kama wenyeji, yaani samaki na chipsi. Mwafrika Mashariki anacheka hapa, kwa sababu maneno yetu tuliyachukua kwa Waingereza: chipsi zetu ni chipsi zao, biskuti zetu ni biskuti zao. Mmarekani akiagiza chipsi akitarajia viazi vikavu vya pakiti, anapewa viazi vinene vya moto. Akiomba biskuti akitarajia kile kimkate laini cha kwao, anapewa kitu kikavu cha kuchovya kwenye chai.

Samaki na chipsi ni chakula chenye historia. Ujuzi wa kukaanga samaki aliyepakwa unga uliletwa na Wayahudi waliotoka Ureno na Hispania, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyakula vingi vilipogawiwa kwa kipimo, samaki na chipsi waliachwa huru. Uji wa unga unaopakwa samaki kwa kawaida ni unga na maji, au bia, lakini wapo wanaotia maziwa. Kila anayeuza chakula Uingereza anatakiwa kisheria aweze kumwambia mteja kama kuna chochote kati ya vile vitu 14. Swali linalosaidia si kama chakula kiko salama. Ni mahususi zaidi: uji huu una maziwa? Mafuta haya yamekaangiwa nini kingine?

Pudingi inawachanganya zaidi. Marekani pudingi ni kitu kitamu na laini cha maziwa, na binti anajua haimhusu. Ile ya Yorkshire haina utamu. Imeokwa ikatuna kama kikombe cha mkate, na huliwa Jumapili na nyama ya kuoka na mchuzi. Ukiitazama ni mkate tu. Ndani yake kuna unga, mayai na maziwa.

Kisha jirani, mama mwenye watoto wawili, anawakaribisha watoto chai saa 11 jioni. Mama wa Ohio anafikiria kikombe na labda kipande cha keki ambacho binti atakikataa kwa adabu. Hasemi lolote kuhusu mzio, asionekane msumbufu. Lakini kaskazini mwa Uingereza, kuitwa chai jioni ni kuitwa mlo kamili: soseji, viazi vilivyopondwa kwa siagi na maziwa, na baadaye tunda lililomwagiwa kastadi. Mswahili angeliona hilo mapema. Kwetu nako anayesema karibu chai asubuhi hamaanishi maji ya moto na majani peke yake. Kuna vitumbua, kuna mihogo, kuna chapati.

Aibu ya kusema ndiyo inayoponza hapa. Mwenyeji hawezi kumlinda mtoto dhidi ya kitu asichokijua. Mama anapojikaza na kumweleza jirani mlangoni, kwa sentensi mbili, jirani anatoa mafuta ya mimea badala ya siagi, anaweka viazi vya binti pembeni kabla ya kuongeza chochote, na anaonyesha pakiti ya soseji isomwe. Wote wanakula meza moja. Chakula kilichoandikwa kuwa hakina mazao ya wanyama kingeonekana njia ya mkato, lakini maandishi hayo si ahadi kwa mwenye mzio, kwa sababu kinaweza kutengenezwa mahali panapotumika maziwa.

Mkoba wa binti unabaki begani kwake muda wote. Una sindano mbili za dharura za kujidunga. Wazazi huiita dawa hiyo epinefrini. Uingereza huitwa adrenalini, kama hospitali za kwetu. Ni kitu kimoja. Na namba ya dharura si ile ya Marekani. Ni 999, na neno la kumwambia anayepokea ni anafilaksisi, ili gari la wagonjwa lije upesi. Mtoto alazwe chali, miguu ikiinuliwa. Akipumua kwa shida, aachwe aketi huku miguu ikiwa imenyooshwa, lakini asisimamishwe wala asitembezwe.

Usiku wa homa

Usiku wa nne mvulana anapata homa. Kipimajoto walichonunua York kinasoma 38.6, namba isiyomwambia mama kitu, kwa kuwa amezoea vipimo vya Farenhaiti. Kwa kwao ni takriban 101.5. Mpaka wa kukumbuka ni nyuzi 38, sawa na 100.4 ya Farenhaiti. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, kufika hapo ni sababu ya kutafuta msaada mara moja. Kwa wa miaka minne, kinachotazamwa zaidi ni hali yake: anakunywa, anakojoa, anaitika?

Saa 2 usiku baba anampa dawa waliyokuja nayo, Tylenol ya maji. Saa 3 na nusu mtoto bado ana joto. Baba amelala, na mama anakumbuka chupa ya dawa ya homa ya watoto waliyoinunua supamaketi. Chupa imeandikwa parasetamoli. Kwake hilo ni jina geni, dawa nyingine, labda yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Anachukua kijiko.

Tylenol ni parasetamoli. Wamarekani huiita asetaminofeni, lakini majina yote mawili yamekatwa kutoka jina moja refu la kikemia, kila nchi ikichagua silabi zake. Ndiyo hiyohiyo Panadol iliyo kwenye droo za nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Dozi ya pili baada ya saa moja na nusu ni kuzidisha dawa ileile. Ushauri wa Uingereza ni angalau saa nne kati ya dozi na dozi, na zisizidi nne kwa saa 24. Parasetamoli ikizidishwa huharibu ini, na ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kuonekana mzima kwa siku nzima huku madhara yakiendelea ndani.

Nguvu ya dawa nayo inatofautiana. Dawa ya maji ya watoto Marekani ina miligramu 160 katika kila mililita 5. Uingereza kuna aina mbili: ya watoto wadogo yenye 120, na ya kuanzia miaka sita yenye 250. Mililita 10 za ile ya Marekani ni miligramu 320. Mililita 10 za chupa ya watoto wakubwa ya Uingereza ni 500. Kipimo cha kijiko kinachotoka kichwani kwa mazoea hakifai kuhamishwa kutoka chupa hadi chupa.

Mama anapiga simu 111, namba ya ushauri wa afya ya huduma ya taifa, isiyo ya dharura. Miongoni mwa maswali ya mwanzo anaulizwa mtoto ameshapewa nini, na saa ngapi. Anaamsha mumewe. Kijiko kinarudi kabatini, mtoto anapewa maji, na asubuhi wanakwenda duka la dawa lenye msalaba wa kijani, ambako mfamasia anawashauri bila malipo na kuwaandikia kipimo cha chupa waliyo nayo.

Majina mengine ya namna hiyo ni ya kuandikwa kabla ya safari. Dawa ya pumu ya kuvuta ambayo Wamarekani huiita albuterol, Uingereza na kwetu ni salbutamol. Na gharama nazo zijulikane: huduma ndani ya chumba cha dharura cha hospitali ya umma Uingereza hailipiwi hata na mgeni, lakini mtalii akilazwa anaweza kudaiwa. Bima ya safari si anasa.

Kwa mzazi wa huku

Ni rahisi kudhani haya ni ya Wamarekani. Lakini kila likizo watoto wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hupelekwa kwa shangazi Houston au Minneapolis, na wa kule huletwa kwa bibi. Bibi ana Panadol, mama ametuma Tylenol begani mwa mtoto, na kila mmoja anaamini ya kwake ni tofauti. Kinachofanya kazi Ulaya kinafanya kazi hapa pia:

1. Majina ya dawa za mtoto yaandikwe kwa jina la kiambato, si la kampuni, pamoja na miligramu kwa kila mililita.

2. Kila dozi iandikwe kwenye karatasi moja ukutani: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Atakayeamka usiku aikute.

3. Pakiti isomwe tangu kiambato cha kwanza, hata kama jina linafahamika.

4. Mtoto mwenye mzio aambiwe mapema kwamba orodha yake ya vyakula salama ni ya nyumbani, na ugenini inaanza upya. Afundishwe kumuuliza mtu mzima anayemwamini, na asichoke kuuliza.

5. Mwenyeji aelezwe mlangoni, kabla sufuria haijatiwa chochote.

6. Namba za dharura za nchi husika ziwekwe kwenye simu za wazazi wote wawili kabla ya kupanda ndege.

Mtoto hahitaji kufungiwa ndani ili awe salama. Wiki ya pili, binti wa Ohio atakuwa amekula chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yasiyochanganywa na kitu kingine, ameonja mbaazi za kupondwa na kuzikataa, na amejifunza kusoma neno maziwa kwenye lebo haraka kuliko baba yake. Mdogo wake atakuwa anadai askari kila asubuhi, na mama atakuwa na karatasi ya dozi kwenye mlango wa friji.